Sado, Kopo na Jibu la Hasi

Nilirudi Chamazi nikiwa na begi moja na kiu. Ndivyo ninavyorudi siku zote. Natokea Tunduma, au Kahama, au Masasi, nakaa wiki tatu au nne, halafu miguu inaanza kuniwasha na naondoka tena. Nimekuwa utingo wa malori, nimeuza mitumba, nimepaka rangi nyumba za watu katika miji ambayo sina ndugu hata mmoja. Pale Chamazi ni kwa dada yangu mkubwa, na ndipo anapoishi binti yangu. Mama yake aliolewa Tanga, mie nikawa sina makazi ya kueleweka, dada akasema mtoto akae kwake. Hakuna aliyebisha. Amekaa hapo tangu hajajua kufunga kamba za viatu, na sasa yuko kidato cha pili, mrefu kuliko shangazi yake.

Safari hii nilikuta nyumba ina jambo. Dada aliniambia kabla sijamaliza kikombe cha maji.

"Mwanao ana jaribio Jumatatu. La hesabu. Akikosa hilo, sayansi basi tena."

"Si alishafanya?"

"Kafanya, kafeli. Hili la kurudia. Mwalimu kawaonea huruma."

Mwaka ulikuwa unaisha, na shule yao ilikuwa inawagawa wanafunzi kwa ajili ya kidato cha tatu: hawa sayansi, hawa sanaa. Fizikia na kemia alikuwa anaziweza vizuri tu. Hesabu ndiyo ilikuwa inamshika mguu, na walimu walisema wazi kwamba hawatampeleka mtu sayansi akiwa ameanguka hesabu. Binti yangu anataka uuguzi. Sababu yake hakuniambia mie, alimwambia shangazi yake, na mie nikaipata sebuleni kama mgeni mwingine yeyote. Ukikosa mchepuo wa sayansi, chuo cha uuguzi unakiona kwa mbali tu. Hilo hata mie niliyeishia kidato cha nne nalijua.

Nikamuuliza jaribio linahusu nini.

"Milinganyo, baba. Ile miwili miwili. Ya eksi na wai."

"Kwa njia gani?"

"Ya kubadilisha."

Nilicheka kwa furaha. Katika mambo yote niliyofundishwa shuleni, hilo moja nililipenda. Nilisoma Kiwalani, darasa letu lilikuwa karibu kabisa na njia ya ndege, na kila ndege iliposhuka mwalimu wa hesabu alinyamaza, chaki imegusa ubao, mpaka mngurumo upite, kisha akaendelea na neno lilelile alilolikatisha. Katikati ya ndege mbili alitufundisha milinganyo. Alisema eksi na wai ni wapangaji wawili, nawe hujui yupi analipa nini. Basi mkamate mmoja, mlazimishe ajieleze kwa kutumia mwenzake, halafu yale maelezo yake uyaweke mahali alipokuwa amekaa. Wapangaji wawili wanabaki mmoja, na mmoja hawezi kukuficha kitu. Nimelala katika nyumba nyingi za wageni nikiwaza Kiwalani ile, mabati yake, kelele zake, yule mwalimu anayesubiri ndege.

"Kaa hapa," nikamwambia binti yangu. "Hii kazi yangu."

Ijumaa ile alasiri tukakaa barazani. Kitabu chake kilikuwa na swali la mfano. Eksi kujumlisha wai ni sawa na kumi. Eksi mara tatu, ukitoa wai, ni sawa na sita. Nikaanza kwa kujiamini. Nikamkamata wai katika mlinganyo wa kwanza: wai ni kumi kutoa eksi. Binti yangu akaandika. Kisha nikasema, sasa yale maelezo tuyaweke mahali pa wai, nikamwonyesha kwa kidole. Akaandika: eksi, jumlisha kumi, toa eksi, ni sawa na kumi. Eksi na eksi zikakatana. Tukabaki tunatazama kumi ni sawa na kumi.

"Baba, eksi imeenda wapi?"

"Imekatana."

"Na wai?"

"Si ndiyo tuliyoibadilisha."

"Sasa jibu lipi?"

Nikatazama karatasi. "Jibu... kumi ni sawa na kumi."

"Hiyo hata chekechea wanaijua, baba."

Hakusema kwa dharau. Alisema taratibu, akafunua ukurasa mwingine ili nisione aibu. Nilirudia mara kadhaa, kila mara wapangaji wote wawili wakatoka nyumbani na kuniachia chumba kitupu. Adhana ya magharibi ikanikuta nimeshika kalamu yake. Alikuwa ameshakwenda kumsaidia shangazi yake jikoni, nami nilisikia wakicheka jambo lingine kabisa.

Asubuhi, napiga mswaki uani, nikaona kosa langu. Nilikuwa namtoa wai katika mlinganyo wa kwanza na kumrudisha mlemle nilimomtoa. Alitakiwa apelekwe kwenye wa pili. Nilikimbia ndani povu likiwa mdomoni. Binti yangu alinisikiliza, akajaribu, akapata eksi ni nne, wai ni sita. Akarudisha namba zote mbili katika milinganyo yote miwili, zikakaa sawasawa. Akatabasamu.

"Sasa nimeelewa wanapoenda," akasema. "Ila sielewi kwa nini. Yaani eksi ni nini hasa?"

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Dada yangu ana genge mbele ya nyumba. Anauza nafaka: mchele, choroko, maharage, karanga. Vipimo vyake ni viwili, sado na kopo. Sado ni ile ndoo ndogo ya plastiki iliyokuwa ya rangi, na kopo ni la bati, lililokuwa la maziwa ya unga. Nikamwambia binti yangu kwamba eksi ni sado na wai ni kopo. Hatujui kila kimoja kinabeba vikombe vingapi vya chai, lakini tutajua bila kupima kimoja kimoja. Tutapima kwa pamoja mara mbili, tuandike milinganyo, tuitatue. Niliona wazo zuri. Hata yule mwalimu wa Kiwalani angelipenda.

"Dada, tuazime maharage."

"Mnaenda kuyafanyia nini?"

"Hesabu."

"Haya. Yasimwagike, na yarudi guniani yote."

Akachota sado moja na kopo moja, akamimina kwenye beseni. Binti yangu akaanza kuhesabu vikombe, mie naandika. Vikawa ishirini. Eksi kujumlisha wai ni sawa na ishirini. Maharage yakarudi guniani.

Kabla hatujachota tena akaja jirani, mama mmoja anayepika chakula karibu na uwanja wa mpira, na siku ile kulikuwa na mechi. Alitaka sado mbili na kopo moja.

"Hapo hapo!" nikasema. "Dada, usimmiminie kwenye mfuko. Weka kwenye beseni kwanza."

"Mama, maharage yangu yana kosa gani?" jirani akauliza.

"Yanafanya mtihani," dada akamjibu. "Kaka yangu karudi, kaleta na shule yake."

"Mbona anayahesabu kama anayatoa mahari? Braza, mie nina sufuria motoni!"

Binti yangu alikuwa anacheka huku anachota kikombe baada ya kikombe. Arobaini na kimoja. Jirani akaondoka na maharage yake, akisema akirudi kesho anataka cheti. Nasi tukakaa barazani na milinganyo yetu miwili. Eksi kujumlisha wai ni ishirini. Eksi mara mbili kujumlisha wai ni arobaini na moja.

Alifanya mwenyewe, sikumgusa. Wai ni ishirini kutoa eksi. Akampeleka kwenye mlinganyo wa pili, vizuri kabisa. Eksi mbili, jumlisha ishirini, toa eksi, ni arobaini na moja. Eksi ni ishirini na moja.

"Sado ina vikombe ishirini na kimoja," akasema, na uso wake ukaanza kubadilika, maana muda mfupi tu uliopita sado pamoja na kopo vilikuwa vimetoa ishirini. Akatafuta wai. Ishirini kutoa ishirini na moja. Hasi moja.

Tukatazamana.

"Shangazi," akaita, "kopo lako linabeba kikombe hasi kimoja."

"Maana yake nini?"

"Maana yake ukilijaza maharage, unadaiwa."

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Mie sikucheka. Nilirudia hesabu tangu mwanzo, nikapata vilevile. Nikahesabu upya kwa vidole. Hasi moja.

"Dada, ulipimaje?"

"Nilipima kama ninavyopima."

"Ya kwanza na ya pili sawasawa?"

"Sawasawa vipi? Ya kwanza yalikuwa yanarudi guniani, nikafuta." Akaonyesha kwa kiganja namna alivyosawazisha mdomo wa sado. "Yule ni mteja. Mteja unampa na kilemba chake. Umesahau kuishi na watu?"

Nilikuwa nimesahau, au sikuwa nimewahi kuliwaza. Kila mtu hapa mjini anajua kwamba kipimo cha mteja kinapanda juu, kile kichuguu kinachosimama juu ya mdomo wa chombo, ndicho kinachomrudisha kesho. Mfanyabiashara anayefuta kwa kiganja mbele ya mteja atakula maharage yake mwenyewe. Dada hakudhamiria chochote. Mkono wake ulijua nani anapimiwa, na ukapima. Sado ya kwanza na sado ya pili hazikuwa eksi moja.

Hayo ndiyo niliyotakiwa kumweleza binti yangu, kwa maneno hayohayo. Lakini nilikuwa nimeaibika mara mbili katika siku mbili, na yeye alikuwa ananitazama akisubiri, kalamu mkononi, kama mtu anayeamini kwamba baba yake ana kitu. Nikajikohoza. Nikasema kwa sauti ya mwalimu:

"Umeona? Ndiyo faida ya hesabu, inakuonyesha kosa. Ukiona jibu limekuja hasi, jua kuna mahali umekosea. Usiendelee. Futa, anza upya."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akaliandika pembeni mwa karatasi, akalipigia mstari.

Jumapili ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kukaa katika nyumba ile. Nilimtungia maswali tangu asubuhi. Nilikuwa nimegundua namna ya kuyatunga: unaanza na majibu, unasema eksi iwe tano, wai iwe mbili, halafu unajenga milinganyo kurudi nyuma. Nilitunga ya machungwa, ya ndoo, ya mbuzi na kuku. Aliyatatua yote. Alitoka kwenye kusitasita akafika kwenye kasi, kalamu inakimbia, anang'ata ulimi kidogo pembeni mwa mdomo, jambo ambalo mama yangu alikuwaga analifanya akishona. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Ningemwona lini? Dada alipita na sinia la ugali akasema, "Leo nyumba ina walimu wawili." Kila swali nililotunga lilikuwa na majibu ya vitu unavyoweza kushika mkononi. Halikuwepo hata moja lenye hasi. Sikulikwepa kwa makusudi. Halikunijia tu.

Jumatatu alitoka mapema, kapiga pasi sketi yake mwenyewe. Alasiri akarudi. Nikamuuliza limekwendaje.

"Lilikuwa la muda mfupi," akasema.

"Lakini uliyaweza?"

"Niliyajua, baba. Nilirudiarudia tu."

Sikuelewa. Nilidhani anarudia kwa uangalifu, nikamsifu.

Jumatano dada akaniambia majina yamebandikwa na la mwanao halimo sayansi. Aliniambia akiwa anapepeta mchele na hakuinua uso. Nilivaa shati na kwenda shuleni. Sikujua nakwenda kusema nini. Nimezunguka nchi hii nikiomba kazi kwa watu nisiowajua na sijawahi kusita, lakini mlango wa ofisi ya walimu niliupita mara mbili kabla ya kubisha hodi.

Mwalimu wa hesabu alikuwa kijana mdogo, pengine hajafika thelathini. Akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mie ni baba wa..." nikamtaja binti yangu. Akaitikia kwa kichwa kama aliyekuwa ananitarajia. Akatafuta karatasi yake katika rundo, akaiweka mezani.

"Naomba uione mwenyewe, mzee. Mie mwenyewe imeniuma."

Lilikuwa jaribio la maswali machache. La kwanza alikuwa amelipata, safi kama alivyofanya barazani. La pili lilisema: eksi mara tatu kujumlisha wai ni tisa, eksi kujumlisha wai ni moja. Mwandiko wake ulishuka vizuri. Wai ni moja kutoa eksi. Akampeleka kwenye mlinganyo mwingine. Eksi ni nne. Wai ni hasi tatu. Halafu, juu ya kazi yote hiyo, mistari miwili iliyonyooka, ya rula. Chini yake akaanza upya. Wai ni hasi tatu. Mistari ya rula. Akaanza tena, sasa mwandiko umelegea, akalazimisha alama moja igeuke ili jibu litoke tatu, na kila kitu baada ya hapo kikaharibika. Maswali yaliyofuata hayakuwa na kitu.

"Hilo la kwanza alilolikata," mwalimu akasema, "ndilo jibu. Hasi tatu. Alilipata mara mbili, akalikata mara mbili. Sijui nani kamtisha na hasi."

"Huwezi kumpa alama kwa lile alilolikata?"

"Mwenyewe kalikata, mzee. Ningempa yeye ningewapa wote. Na majina yameshapelekwa kwa mkuu wa shule, wazazi wengine wameshayaona."

"Lakini unaona anajua."

"Naona."

"Basi mpe jingine. Leo. Mbele yangu."

"Lile lilikuwa ndilo jingine."

Nikamwambia ni mie niliyemtisha. Nilimweleza habari ya maharage, ya kilemba, kila kitu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia upuuzi wake. Hakucheka. Ningependa angecheka. Alisema tu kwamba maharage hayaendi chini ya sifuri lakini namba zinaenda, na kwamba ni jambo ambalo wengi linawachanganya. Akaniambia sanaa nayo si mbaya, ana watu anaowafahamu wamefika mbali. Nilimshukuru. Unamshukuru mtu kwa sababu hujui jambo jingine la kufanya na mdomo wako.

Binti yangu alikuwa ananisubiri getini. Alikuwa ameniona kupitia dirisha la darasa nilipoingia. Tulitembea kurudi nyumbani kwa miguu. Kulikuwa na mechi tena jioni ile, watu wenye jezi walikuwa wanapita kuelekea uwanjani, wanapuliza mavuvuzela masikioni mwa wenzao, na ilitubidi tutembee mmoja mbele ya mwingine pembeni mwa barabara. Yeye alikuwa mbele. Nilizungumza na mgongo wake.

"Nimemwambia mwalimu kosa ni langu."

"Kasema nini?"

"Kasema majina yameshapelekwa."

Akaendelea kutembea. Mkoba wake ulikuwa mzito, ulimvuta bega upande mmoja. Nikataka kuubeba, akasema hapana, ameuzoea. Kundi la vijana likapita likiimba, tukasimama wapite. Hapo akageuka.

"Baba, usimwambie shangazi."

"Nisimwambie nini?"

"Ile habari ya hasi. Kwamba ulinifundisha hivyo." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Atakusema sana, na we utaondoka."

Nilitaka kumwambia kwamba siondoki. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini nimelisema neno hilo katika nyumba ile mara nyingi, na yeye alikuwepo kila mara, anasikiliza, tangu alipokuwa mdogo. Nikaitikia kwa kichwa tu, akaridhika, tukaendelea.

Dada alikuwa ametenga chakula mkekani. Alisubiri mpaka tumenawa.

"Haya. Kulikoni huko shuleni?"

Nikafungua mdomo. Binti yangu akawahi.

"Nilishindwa, shangazi. Hesabu ilikuwa ngumu."

"Na baba yako kakufundisha siku zote zile?"

"Alinifundisha vizuri. Mie ndiye sikuelewa."

Dada alimtazama, kisha akanitazama mie muda mrefu. Kisha akamsogezea binti yangu kipande kikubwa cha samaki, akasema ale, mwili ndio wa kwanza. Akala. Mie nilikuwa na tonge mkononi, nimelifinyanga mpaka limepoa, na sikujua niliweke wapi.